Kazi ya Ndimu: Mhadhara juu ya Divai Nyeupe ya Bordeaux na Vyakula Vyake



Naanza na kosa langu. Nilikuwa na miaka 22, mhudumu wa meza katika hoteli moja ya ufukweni, koti jeupe limepigwa pasi, na kichwani nimekariri sentensi moja tu kuhusu divai: nyeupe kwa samaki, nyekundu kwa nyama. Usiku mmoja mzee wa Kifaransa aliagiza changu wa kuchoma na chupa ya Bordeaux nyeupe. Nikaenda stoo, nikasoma lebo: Sauternes. Nilijua Sauternes iko Bordeaux. Niliona kwa macho yangu kwamba ni nyeupe, au tuseme ya dhahabu. Nikaifungua kwa madaha, nikamimina. Mzee akaonja fundo moja, akaiweka glasi chini taratibu, akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejumlisha mahali pa kutoa. "Kijana wangu," akasema, "hii ni asali. Umeniletea asali nilie samaki."

Bei ya chupa ilikatwa kwenye mshahara wangu, na kwa miezi miwili nilikula ugali na dagaa kwa huzuni. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba kila nilichokijua usiku ule kilikuwa kweli. Divai ilikuwa nyeupe. Ilitoka Bordeaux. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba hata zabibu zake ni zilezile za divai kavu aliyoitaka mzee. Sasa ilikuwaje moja imfae changu na nyingine imkatae?

Nitasema "divai" jioni hii. Wengine husema mvinyo, vijana husema waini, na sina ugomvi na yeyote. Najua pia kwamba wengi humu hamnywi, wengine kwa dini, wengine kwa kutopenda tu, nami sikuja kumshawishi mtu. Atakayeishika kazi hii atamhudumia anayekunywa, na somo lenyewe, mtaona, ni la jikoni kuliko la baa. Pale mezani kuna chupa mbili na jagi la juisi ya pesheni. Jagi lile halikuletwa kwa ajili ya kuondoa kiu peke yake; tutalirudia.

Kwanza mahali. Mji wa Bordeaux uko kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye mto Garonne. Mto wa pili, Dordogne, unatoka mashariki, na miwili hiyo inakutana chini ya mji na kuwa lango moja pana la maji, Gironde, linalomwaga katika Atlantiki. Ardhi iliyobanwa katikati ya mito hiyo inaitwa Entre-Deux-Mers, yaani "kati ya bahari mbili". Mtu wa bara atauliza bahari ziko wapi, maana ukitazama unaona vilima, mizabibu na mito miwili ya rangi ya chai ya maziwa. Mtu wa pwani akikaa ukingoni saa sita tu hatauliza. Maji yanajaa na kupwa huko ndani, mbali na ufuko. Siku za bamvua kubwa, maji yanapojaa kwa nguvu, hupanda mtoni wimbi linaloitwa mascaret, na vijana wa kijiji cha Saint-Pardon hulisubiri na mbao zao, walipande likielekea juu, kinyume cha mkondo. Siku za maji mafu hakuna kitu. Waliouita mto bahari hawakuwa wamelewa.

Jina hilo la Entre-Deux-Mers lilipewa ulinzi wa kisheria mwaka 1937, na kwa miaka mingi lilikuwa la divai nyeupe kavu pekee: nyepesi, ya bei ya kadiri, ya kunywewa ikiwa changa. Ng'ambo ya Garonne, kusini mwa mji, iko Graves. Mwanafunzi wangu mmoja aliyebobea katika Kiingereza alilifasiri jina hilo "makaburi", darasa zima likashtuka. Maana yake ni changarawe, kokoto zilizosombwa na mto zamani za kale, zinazopitisha maji upesi na kushika joto la jua. Sehemu ya kaskazini ya Graves, iliyo jirani na mji, ilipewa jina lake yenyewe mwaka 1987, Pessac-Léognan, na huko ndiko hutoka divai nyeupe kavu za Bordeaux zenye heshima kubwa na bei ya kukausha mate. Ukipanda zaidi na mto unafika Barsac na Sauternes, penye asali yangu.

Sasa zabibu. Divai nyeupe ya Bordeaux kwa kawaida ni mseto: zabibu mbili kubwa na moja ya pembeni. Ya pembeni ni Muscadelle, yenye harufu ya maua. Kazi yake ni ile ya hiliki katika chai: ikizidi, hunywi tena chai. Tuiache hapo.

Sauvignon Blanc ndiyo yenye sauti. Ina uchachu mkali na harufu inayokufikia kabla glasi haijafika puani: ganda la balungi, jani lililovunjwa, pilipili hoho mbichi, pesheni na, mnisamehe walio mezani, mkojo wa paka. Kwa muda mrefu watu walidhani hizi ni ndoto za waonjaji. Kisha, katika miaka ya 1990, maabara ya chuo kikuu cha Bordeaux ikazikamata. Profesa Denis Dubourdieu, pamoja na Philippe Darriet na Mjapani Takatoshi Tominaga, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya harufu hiyo ni ya kemikali chache zenye salfa, zilizomo kwa kiasi kinachopimwa kwa sehemu za bilioni za gramu kwa lita. Kwenye zabibu mbichi zimefungwa na kiungo kingine na hazinuki. Ukitafuna Sauvignon shambani hupati pesheni hata chembe. Hamira ndiyo inayozifungua, ikiwa inageuza sukari kuwa kileo. Na mojawapo ya kemikali hizo ndiyo ileile iliyomo ndani ya pesheni. Kwa hiyo anayesema divai hii inanuka pesheni hatumii tamathali ya usemi.

Udhaifu wa Sauvignon ni kwamba husema yote siku ya kwanza. Baada ya miaka michache, nyingi hubaki na uchachu bila hadithi.

Sémillon ni kinyume chake. Ikiwa changa ni karibu bubu: harufu ya limau kwa mbali, ya tufaha, basi. Lakini ikifika mdomoni ina unene, ule utelezi wa mafuta kidogo unaofunika ulimi, na uchachu wake ni wa upole. Ikizeeka inafunguka taratibu, ikitoa nta, asali, mkate uliobanikwa, njugu. Ngozi yake ni nyembamba, na ukumbuke ngozi hiyo, itarudi. Mwanzoni mwa karne ya 19, kule kwenye Rasi ya Tumaini Jema, sehemu kubwa mno ya mizabibu yote ilikuwa Sémillon. Walikuwa nayo nyingi kiasi kwamba waliiita "zabibu ya divai" tu, kana kwamba nyingine hazipo. Leo kule imebaki kidogo. Kwetu, aliyepata kuona zabibu nyeupe za Dodoma ameona jamaa mwingine kabisa, Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa pia, lakini bonde la Loire.

Basi mseto unafanyikaje? Vijana wengi hufikiri zabibu zinachanganywa kapuni, kama kisamvu na karanga sufuriani. Kwa kawaida kila aina, na mara nyingi kila kipande cha shamba, huchachushwa peke yake. Baada ya hapo watu watatu au wanne huketi chumba baridi chenye mwanga mweupe, na mbele yao kuna safu ya chupa ndogo zilizoandikwa kwa chaki au kalamu: pipa hili, tangi lile. Wana silinda ya kioo yenye alama za vipimo, kama ya darasa la kemia. Wanamimina sehemu 60 za hii, 40 za ile. Wanaonja, wanatema. Wanabadili ziwe 70 kwa 30. Wanatema tena. Hakuna anayesifia sampuli moja moja, kwa sababu pipa tamu kuliko yote linaweza kuharibu mseto, na pipa lililonuna likawa ndilo linaloushikilia. Katika Entre-Deux-Mers siku hizi Sauvignon huongoza mara nyingi. Katika Graves, Sémillon hupewa nafasi zaidi, na divai nyingine huchachukia ndani ya mapipa ya mwaloni, zikalazwa miezi juu ya mashapo ya hamira iliyokufa. Mashapo hayo hukorogwa kwa fimbo kila baada ya siku kadhaa, na hamira hiyo mfu huipa divai unene kama ule anaoutoa mpishi kwa kukoroga tui zito mwishoni.

Historia nitaipitia haraka. Mwaka 1152 Eleonora wa Aquitaine, nchi iliyokuwa na Bordeaux ndani yake, aliolewa na Henry, aliyekuwa mfalme wa Uingereza miaka miwili baadaye, na divai ya Bordeaux ikapata soko la karne tatu. Karne ya 17 wakaja wafanyabiashara wa Kiholanzi, waliotaka nyeupe, tamu kwa kunywa na nyinginezo za kukenekwa. Nyeupe ilitawala hesabu za Bordeaux hadi nusu ya pili ya karne ya 20. Baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi, na waliopanda upya wengi walipanda nyekundu. Leo nyeupe ni kama sehemu moja ya kumi ya mashamba.

Nisiilaumu baridi peke yake. Sehemu kubwa ya divai nyeupe za zama zile ilikuwa mbovu, imejazwa salfa hadi inauma koo. Dubourdieu, mzaliwa wa Barsac mwaka 1949, aliitumia kemia yake kusafisha nyumba: zabibu zikae na maganda yake saa chache kabla ya kukamuliwa ili ladha itoke, juisi itulie na kuchujwa, hewa izuiwe, mashapo yatumike kwa akili. Yeye na mkewe Florence walianzisha shamba lao huko Graves mwaka 1982, wakaliita Clos Floridène: Flo ya Florence, na Denis akafuatia. Hata jina ni mseto. Alifariki mwaka 2016.

Sasa chakula, na hapa naomba muache kalamu.

Mama zetu wakipata samaki hufanya nini? Wanamwosha, wanamkamulia ndimu. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa: kukata shombo. Ni jibu kamili, na mwanakemia hana cha kuongeza ila majina. Shombo inatokana na kemikali za jamii ya amini zinazoruka hewani zikaingia puani. Tindikali ya ndimu huzishika, huzigeuza kuwa chumvi isiyoruka, na pua haipati tena habari. Divai nyeupe kavu nayo ina tindikali kwa wingi. Inapoingia mdomoni baada ya tonge la samaki, inafanya kazi ya ndimu, ila inafanya ikiwa na harufu ya pesheni na balungi juu yake. Uchachu pia huchota mate, na mate huosha mafuta. Ndiyo maana tonge la kumi la samaki wa kukaanga, lililofuatiwa na kitu kichachu, lina ladha kama la kwanza.

Chumvi ndiyo ya pili. Mtoto anayechovya embe bichi kwenye chumvi njiani akitoka shule hahitaji mhadhara huu: chumvi huvunja makali ya uchachu, vyote viwili vikawa vitamu kuliko vilivyokuwa peke yake.

Nilikwenda kuyaona haya kwenye ghuba ya Arcachon, magharibi mwa Bordeaux, wanakofuga chaza. Ukikaa kwenye vibanda vya mbao vya Cap Ferret, maji yakiwa yamepwa, unaona mirundo ya mifuko ya nyavu juu ya meza za chuma zilizokuwa chini ya bahari asubuhi. Muuzaji alikuwa na kisu kifupi kisicho na ncha kali. Alikiingiza penye bawaba ya kaka, akazungusha mkono kidogo, kaka ikafunguka kwa mlio mdogo wa kunyonya. Dazeni moja ikaletwa juu ya sahani ya barafu, na mkate, na siagi, na kipande cha limau. Chaza mbichi ana ladha ya mtu aliyezama akameza bahari, kisha utamu kidogo mwishoni. Nikanywa Entre-Deux-Mers baridi juu yake. Chumvi ikazima ukali wa divai, divai ikaikata chumvi, na ule utamu wa mwisho, ambao kwanza sikuwa na hakika nao, ukajitokeza wazi. Watu wa huko wana desturi nyingine: pamoja na chaza baridi hula soseji ndogo bapa, za moto, zilizofungwa kwa utando wa mafuta. Chaza, soseji, fundo la divai, kisha tena. Asiyekula nguruwe ataiacha soseji, lakini aitazame hesabu: chumvi, mafuta, uchachu.

Nilimwona jirani yangu mezani akimimina siki yenye vitunguu juu ya chaza wake. Nikajaribu. Divai ikafa palepale, ikawa maji. Chakula kikiwa kichachu kuliko divai, divai hupooza. Weka akilini unapopeleka kachumbari mezani.

Ile kanuni yangu ya nyeupe kwa samaki je? Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Kijapani ya Mercian walitangaza matokeo ya kuonja divai zaidi ya 60, nyekundu na nyeupe, pamoja na kome wakubwa. Zilizoacha shombo mdomoni zilikuwa na kitu kimoja: madini ya chuma mengi, kama miligramu 2 kwa lita au zaidi. Walipokizuia chuma kile kisifanye kazi, shombo ikapungua. Kwa hiyo rangi haina hatia. Nyekundu nyingi huwa na chuma zaidi, lakini si zote, na Bordeaux yenyewe ina mapishi maarufu ya lampri, samaki mrefu kama mkunga mwenye mdomo wa kunyonya, anayepikwa katika divai nyekundu na damu yake mwenyewe na vitunguu majani. Hakuna mzee wa kule atakayekubali kula mapishi hayo kwa nyeupe.

Graves iliyolala kwenye pipa ni mambo mengine. Ukiipeleka kwa chaza, mwaloni na unene wa Sémillon vitamfunika. Hii inataka kitu chenye siagi au malai: samaki wa nyama nene aliyepikwa kwa siagi, kambakoche, kuku wa mchuzi mweupe wa uyoga. Hapa kanuni haikati tena bali inalinganisha, unene kwa unene, huku Sauvignon ikibaki nyuma kuzuia mambo yasikinaishe. Nimeulizwa mara mia kuhusu samaki wa kupaka. Kwa tui lake, ndiyo, Graves yenye Sémillon nyingi inakaa vizuri. Kwa pilipili yake, angalia mkono: kileo huchochea moto wa pilipili, na divai kavu inaonekana chungu. Mpishi wa pilipili nyingi afadhali ampe mgeni maji ya madafu.

Jibini ya mbuzi mbichi na Sauvignon zinapendana, zote chachu. Asparaga nyeupe za Blaye, ng'ambo ya Gironde, ambazo huharibu divai nyingi kwa salfa yake, huvumiliana na mseto huu, pengine kwa sababu una ujani na salfa yake tayari.

Turudi kwa asali. Karibu na Sauternes kuna kijito, Ciron, kinachopita msituni kivulini, maji yake baridi. Kinaingia Garonne, yenye maji ya uvuguvugu. Asubuhi za vuli baridi na joto hukutana na ukungu hulala juu ya mizabibu hadi karibu saa sita mchana, jua likaufukuza. Unyevu ule huotesha kuvu juu ya zabibu, na Kiswahili chetu, kwa bahati, huiita kwa jina lilelile: ukungu. Ukungu wa asubuhi huzaa ukungu wa zabibu. Jina lake la kisayansi ni Botrytis cinerea. Unatoboa ile ngozi nyembamba ya Sémillon, jua la mchana linavuta maji nje, na kinachobaki ndani ni sukari, uchachu na ladha, vyote vimekolezwa. Zabibu inakuwa ya zambarau iliyokunjamana, yenye manyoya ya kijivu. Ukiiona sokoni ungegomba na muuzaji. Wachumaji hupita mstari uleule mara kadhaa kwa wiki nyingi, wakichukua punje zilizooza vizuri tu. Château d'Yquem, lililowekwa daraja la peke yake juu ya wote mwaka 1855, hujisifu kwamba mzabibu mmoja hutoa glasi moja. Mwaka 2012 uozo haukuja vizuri, na hawakutoa Yquem kabisa.

Divai hiyo nayo ina uchachu mwingi, ndiyo maana hainati kama sharubati. Lakini sukari yake inataka mwenza mwenye chumvi kali: Roquefort, jibini ya kondoo yenye mishipa ya ukungu wa buluu. Ukungu wa tatu jioni hii. Au ini la bata lililonona. Watu wa Sauternes wenyewe hula nayo kuku wa kuoka, na huudhika ukiiweka kwenye keki, kwa sababu kitu kitamu kuliko divai huifanya divai ionekane chachu na nyembamba. Changu wangu wa kuchoma, aliyepakwa ndimu na chumvi kidogo, hakuwa na mafuta wala chumvi ya kuikabili.

La mwisho ni la friji. Friji zetu hukaa nyuzi 4, na baridi hiyo huiziba midomo divai. Entre-Deux-Mers inataka nyuzi 8 hadi 10, Graves ya pipa 11 au 12. Chupa zile mbili nilizitoa nilipoanza kusema, kwa hiyo ya kwanza imekwisha kuwa tayari na ya pili inakaribia. Chaza sikupata, mtakuta kamba wa kuchemsha na chumvi. Asiyekunywa ajaze glasi yake kwa jagi la pesheni, ainuse, halafu amwombe jirani yake ainuse ile nyingine, arudi aniambie kama maabara ya Bordeaux ilidanganya.